Tuisheni ya aljebra Langoni: maoni ya mzazi

Binti yangu yuko kidato cha pili. Muhula uliopita aliniletea karatasi ya hesabu yenye alama 31 kwa mia, na maswali ya kutafuta vigawo, yaani kuivunja hesabu ya herufi iwe mafungu yanayozidishana, yote yalikuwa yamejaa wino mwekundu. Jirani akatuelekeza kwa mwalimu mstaafu anayefundisha nyumbani kwake hapa Langoni, siku tatu kwa juma baada ya Alasiri. Wanafunzi ni 8, ada ni shilingi 150 kwa kipindi. Mwezi wote wa kwanza nilimsindikiza, nikakaa barazani chini ya dirisha nikisikiliza.

Siku ya kwanza Mwalimu hakuandika kanuni yoyote. Alitoa karatasi ya manila iliyokatwa mraba, sentimita 10 kila upande. Kwenye pembe moja akakata mraba mdogo wa sentimita 3, akauweka kando. "Imebaki ngapi?" Wakamjibu: 100 toa 9, ni 91. Basi akalikata lile umbo lililobaki mkato mmoja tu, akakigeuza kipande kidogo na kukiunga na mwenzake. Ukatoka mstatili, upande mmoja 13, wa pili 7. Yaani 10 jumlisha 3, na 10 toa 3. Hapo ndipo alipoandika ubaoni: a² − b² = (a + b)(a − b), a ikiwa upande wa mraba mkubwa na b wa mdogo.

Mimi ni seremala, napasua mbao tangu ujana, na jambo lile lilinigusa. Jioni ile binti yangu alinifanyia 97 mara 103 kichwani: ni 100 toa 3 mara 100 jumlisha 3, basi 10,000 toa 9, ni 9,991. Aliirudia kwa mamake, kisha kwa bibi yake.

Ninalomsifia zaidi Mwalimu ni anavyoshughulikia makosa. Binti yangu aliandika kwamba x² + 9 ni (x + 3)(x + 3). Mwalimu hakumkemea. Alimwambia, "Mwanangu, tia 1 mahali pa x." Upande mmoja ukatoka 10, mwingine 16. Mtoto akaliona kosa lake mwenyewe. Kisha Mwalimu akamchorea mraba wenye upande wa x + 3, akaugawa: mraba mkubwa x², mraba mdogo 9, na katikati vipande viwili vya 3x. Vile vipande viwili ndivyo watoto wanavyovisahau, na ndivyo vinavyofanya x² + 6x + 9 iwe mraba kamili. Ama x² + 9 peke yake, haivunjiki kwa namba hizi za kawaida, na Mwalimu anataka mwanafunzi athubutu kuiandika hivyo bila kuogopa.

Jambo jingine analolishikilia ni kumaliza kazi. 3x² − 12 haionekani kuwa tofauti ya miraba, yaani mraba toa mraba, mpaka utoe 3 nje kwanza: 3(x² − 4), halafu 3(x + 2)(x − 2). Na x⁴ − 16 ukiishia (x² + 4)(x² − 4) hujamaliza, kile kigawo cha pili bado kinavunjika. Shuleni binti yangu alikuwa akikatwa alama hapo bila kujua sababu.

Chumba kina joto, na umeme ukikatika wanasoma kwa tochi za simu. Hilo navumilia. Kilichonisikitisha ni somo la vipeo vya tatu, yaani a³, a mara a mara a. Lilikwenda mbio, kipindi kimoja tu, a³ − b³ = (a − b)(a² + ab + b²) ikaandikwa ubaoni na watoto wakainakili. Hakuna kilichokatwa, na binti yangu akarudi kukariri kama zamani.

Nilikwenda karakana nikachukua kipande cha msaji, nikakiranda kiwe mchemraba wa inchi 5, nikatoa pembeni mchemraba wa inchi 2. Kilichobaki nikakipasua mara mbili, nikapata vipande vitatu: 5 kwa 5, 5 kwa 2, na 2 kwa 2, vyote vina unene mmoja wa inchi 3, ambao ndio 5 toa 2. Ujazo wao ni 75, 30 na 12, jumla 117, sawasawa na 125 toa 8. Binti yangu alivipanga na kuvipangua sakafuni mpaka Isha.

Nimeshamweleza Mwalimu, naye amekubali kulirudia somo hilo. Jumamosi nampelekea vile vipande vitatu na ule mchemraba mdogo, nimevipiga msasa visiwachome watoto mikono.