Mpira wa TheraBand kwa kifundo cha mchezaji dansi: kazi unayoiweza na ile usiyoiweza

Mpira bapa wa TheraBand ni kifaa kizuri sana cha kumrudisha jukwaani mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu, mradi ufanyishwe kazi yake. Kazi hiyo ni finyu kuliko wengi wanavyodhani: kuimarisha misuli ya ubavu wa nje wa muundi, kuamsha vidole, na kuufundisha mguu kunyooka bila kupinda. Shavu la mguu ni habari nyingine. Misuli ile hubeba kila mruko na kila kutua, na hakuna rangi ya mpira huu inayoitosha. Hapo ndipo pesa na wiki za mazoezi hupotea bure, kwa mcheza baleti wa Nairobi na kwa mnenguaji wa bendi ya dansi Dar es Salaam vilevile.

Mpira wenyewe ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1978. Huuzwa kwa roli ya mita 45.5, roli ndogo ya mita 5.5, au kipande cha mita 1.5. Uzito wa kuvuta hujulikana kwa rangi. Ukiuvuta hadi urefu wake uongezeke maradufu, njano hutoa takriban kilo 1.3, nyekundu 1.7, kijani 2.1, buluu 2.6, nyeusi 3.3, fedha 4.6 na dhahabu 6.5. Hatua kati ya rangi na rangi ni ndogo, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote: mguu uliotoka kuumia hupanda ngazi kidogo kidogo. Rangi hizi ni za kampuni hii tu. Kijani cha kiwanda kingine kinaweza kuwa kizito au chepesi zaidi, kwa hiyo ukibadilisha aina katikati ya matibabu, anza kupima upya.

Jambo jingine la kushika ni kwamba uzito hutegemea mpira umevutwa mara ngapi ya urefu wake wa mwanzo, si sentimita ulizovuta. Kipande cha sentimita 30 kikivutwa hadi 60 hutoa uzito ule wa orodha. Kipande cha sentimita 60 kikivutwa hadi 90 hutoa pungufu, ingawa mguu umesafiri umbali uleule. Mtu anayefunga mpira leo karibu na kesho mbali atadhani ana nguvu leo na amedhoofika kesho. Weka alama kwa kalamu ya wino mahali pa kufunga na mahali unapokaa unyayo, na usiibadilishe hadi unapopanda rangi.

Kabla ya mpira, hakikisha mfupa ni mzima. Kanuni za Ottawa, zilizotoka Kanada mwaka 1992, ni rahisi kuzitumia hata ukumbini. Mpeleke aliyeumia apigwe eksirei iwapo hawezi kupiga hatua nne, si palepale alipoumia wala baadaye anapopimwa. Mpeleke pia akisikia maumivu ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa unaochomoza kifundoni, kuanzia nchani hadi sentimita 6 juu, upande wa ndani au wa nje; au ukibonyeza mfupa unaochomoza katikati ya ubavu wa nje wa unyayo; au ule wa ndani, juu ya upinde wa unyayo. Wachezaji dansi wana mvunjiko wao hasa: mfupa mrefu wa kidole kidogo hupasuka kwa kujisokota pale mtu anapopinduka akiwa amesimama kwa vidole. Hufanana na kuteguka, na watu huuchua.

Kuchua mguu uliovimba siku ya kwanza na kuukanda kwa maji ya moto huongeza damu na uvimbe kwenye kano zilizochanika. Siku mbili tatu za mwanzo ni za bendeji ya kubana kiasi, mguu kuinuliwa juu ya usawa wa moyo, na kutembea kadiri maumivu yanavyoruhusu. Mpira huingia pale mtu anapotembea bila kuchechemea na uvimbe umeanza kushuka, na hata hapo aanze kwa kusukuma unyayo dhidi ya ukuta bila kusogea, sekunde 5 mara 10. Akimaliza bila maumivu kuongezeka kesho yake, achukue nyekundu. Njano ni kwa mtoto au kwa mguu uliokaa kwenye plasta.

Zoezi ambalo peke yake linatosha kuhalalisha bei ya mpira huu ni la kupeleka unyayo nje. Keti sakafuni, mguu umenyooka, taulo iliyokunjwa chini ya muundi ili kisigino kiwe hewani. Funga mpira kwenye mguu wa meza nzito upande wa ndani wa mguu wako. Uzungushe unyayoni, ukae kwenye shina la kidole kidogo, si juu ya vidole vyenyewe. Peleka unyayo nje kwa sekunde 2, shikilia 1, rudi kwa sekunde 4. Kurudi ndiko kwenye faida, kwa sababu kifundo huteguka kwa kushindwa kuzuia, na misuli ya ubavu inatakiwa kujifunza kuzuia. Fanya 15, mara tatu, siku moja moja ukiruka.

Fanya hivyo kwanza unyayo ukiwa umekunjwa kuelekea kwako, kisha rudia ukiwa umenyooshwa kama wa kusimama kwa vidole. Karatasi nyingi za mazoezi zinazogawiwa kliniki huacha sehemu hii ya pili, na kwa mchezaji ndiyo muhimu. Mguu ukinyooshwa, sehemu nyembamba ya mfupa wa kifundo ndiyo inayoingia kwenye kiungo, kiungo kinalegea, na kano ya mbele-nje ndiyo inayovutika. Kuteguka kwingi kwa kutua vibaya hutokea mguu ukiwa hivyo. Kumjengea nguvu katika mkao mwingine tu ni kumwacha nusu njia.

Kosa linaloonekana kila mara ni paja kufanya kazi badala ya muundi. Mguu mzima unajipindua kutoka nyongani, unyayo unaonekana umekwenda mbali, na misuli ya ubavu imelala. Shika muundi kwa mkono chini kidogo ya goti. Goti likigeuka hata kidogo, rangi ni nzito mno: shuka moja. Kosa la pili ni mpira kuteleza hadi vidoleni, nao huvikunja kama makucha. Soksi nyembamba husaidia.

Kwa kunyoosha mguu, mpira huzungushwa chini ya unyayo na vidole, ncha zote mbili mikononi. Mpangilio ni kifundo kwanza, vidole mwisho; kurudi, vidole kwanza, kifundo mwisho. Mstari wa muundi upite kwenye kidole cha pili. Mguu ukipindia ndani, rudi pole pole zaidi badala ya kuvuta kwa nguvu. Na hapa kuna matumizi ya kukataza kabisa: kuvuta unyayo kwa mpira, au kukaa juu yake, ili upinde uonekane mkubwa zaidi. Ukisikia maumivu nyuma ya kifundo, kati ya kisigino na kano kubwa, mifupa inabana nyama za pale au kano ya dole gumba imewaka. Kulazimisha kunazidisha.

Sasa shavu la mguu. Hata dhahabu ikivutwa mara tatu ya urefu wake haifiki kilo 10, na ilhali kutua kwa mguu mmoja huleta mzigo wa mara kadhaa ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anayekunja na kukunjua mguu dhidi ya mpira mwekundu mara 100 kila jioni anapata joto na damu, si nguvu ya kurukia. Zoezi la shavu ni kuinua visigino: miguu miwili, 12 mara tatu, kisha mmoja, ukingoni mwa ngazi. Goti limenyooka kwa seti moja, limekunjwa kidogo kwa nyingine, maana misuli ya chini ya shavu hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Lengo ni 25 kwa mguu mmoja, kisigino kikipanda kimo kilekile cha mguu mzima. Ukifika, vaa begi mgongoni lenye kilo 5, baadaye 10, na punguza idadi.

Usawa nao hauuzwi kwa roli. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, kisha umefumba macho, kisha kisigino kikiwa juu. Mchezaji mwenye misuli imara ambaye hajarudisha usawa hutegukia palepale. Wacheza ngoma wanaofunga njuga wana la ziada: njuga huongeza uzito mahali pabaya kabisa pa mguu uliotoka kuumia na hubana ngozi iliyovimba. Zirudi mwisho, baada ya kuruka kwa mguu mmoja mara 10 pasipo maumivu wala kuyumba, na hasa kama ukumbi ni wa simenti.

Mbadala unaojulikana ni tyubu ya baiskeli iliyokatwa. Ni imara na hupatikana kila mahali, lakini ni nzito mno kwa wiki za mwanzo, haina ngazi, na kingo zake hukwangua ngozi. Inafaa nyonga, si kifundo. Mikanda ya duara ya kitambaa nayo ni ya nyonga na mapaja; kwa unyayo haivutiki vya kutosha.

Udhaifu wa mpira bapa ni kwamba huzeeka. Umetengenezwa kwa lateksi, yaani mpira wa asili, nayo haipendi jua, joto la gari lililofungwa wala mafuta. Mafuta ya nazi miguuni, au dawa ya kuchua, huulainisha hadi unate na kuchanika, na hewa ya pwani huharakisha. Uoshe kwa maji na sabuni laini, uanike kivulini ukiwa bapa, upake poda kidogo. Kabla ya kila zoezi unyooshe mbele ya mwanga. Ukiona kitundu au ukingo uliochanika, hata mdogo, tupa. Mpira ukikatika ukiwa umevutwa huja usoni, kwa hiyo mguu wa meza wenye kona kali uuzungushie taulo, na pete zivuliwe. Usikate kipande kwa meno. Anayewashwa au kutoka vipele anapogusa glavu au puto anunue aina isiyo na lateksi, ambayo pia ipo.

Kwa mtu mmoja, mita 1.5 nyekundu na mita 1.5 kijani zinatosha matibabu yote ya kifundo. Buluu ni ya kudumisha, na nyeusi kwenda juu ni ya mabega na nyonga. Kwa kikundi, roli ya mita 45.5 hutoa vipande 30, na roli ya 5.5 hutoa vitatu na mabaki ya mita moja yanayomtosha mtoto. Andika jina na tarehe kwenye kila kipande. Kinachotumika kila siku kibadilishwe baada ya mwezi mmoja au miwili, hata kama bado kinaonekana kizima.