Uzoefu wangu na BTCPay Server: kupokea michango midogo ya bitcoin

Natengeneza programu ya bure ya simu inayoonyesha saa za maji kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu, kwa wavuvi na manahodha wa pwani yetu, Lamu hadi Vanga. Walio nyumbani wakitaka kuniunga mkono hutuma kwa M-Pesa. Tabu ilikuwa kwa ndugu zetu walioko Maskati, Ujerumani na kwingineko. Mtu anataka kutoa shilingi 200 tu, makato ya kadi na benki yanaimega mpaka inayofika haina maana.

Ndipo nikaweka BTCPay Server, programu huria ya kupokea malipo ya bitcoin (sarafu ya kidijitali), iliyoanzishwa na Nicolas Dorier mwaka 2017. Unaiweka kwenye seva yako, yenyewe haikati hata senti, na pesa zinaingia kwenye pochi yako bila kupita mikononi mwa mtu. Hilo ndilo lililonivuta. Unalipia seva tu.

Ila usiweke anwani ya kawaida ya bitcoin ukadhani umemaliza. Kila mchango hukaa kivyake ndani ya pochi, na siku ya kuutumia unalipia ada ya nafasi unayochukua ndani ya muamala, takriban baiti 68 kwa anwani za kisasa. Ada ikiwa satoshi 50 kwa baiti (satoshi ni kipande kidogo kabisa cha bitcoin), basi ni satoshi 3,400. Aliyekupa satoshi 3,000 amekupa kwa moyo mweupe, nawe huwezi kuzigusa mpaka ada zishuke.

Kwa michango midogo, Lightning, mtandao wa malipo ya haraka uliojengwa juu ya bitcoin, ndiyo njia. Satoshi 500 zinafika kwa sekunde chache, na nikiona jina la mvuvi mstaafu au kijana wa Kilindini ughaibuni kwenye ujumbe wa mchango, napata nguvu ya kuendelea na kazi. Kazi ipo kwenye maandalizi. Malipo ya Lightning hupita kwenye chaneli, yaani njia ya malipo kati yako na mwingine, na chaneli uliyoifungua mwenyewe ina pesa upande wako pekee, kwa hiyo haipokei kitu mpaka utumie kiasi au ununue nafasi ya kupokelea kwa mwingine. Tena ankara za BTCPay, usipobadilisha mpangilio, zinaisha muda baada ya dakika 15, kwa hiyo mchangiaji aliyeinuka kidogo hurudi na kuanza upya. Mimi niliongeza muda.

Bei ya bitcoin haitulii, ndiyo maana nabadilisha pesa ya kulipia seva kuwa shilingi mapema na kuandika kila kinachoingia. Hapa Kenya ile kodi ya asilimia 3 ya mali za kidijitali iliondolewa mwaka 2025, ukaja ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma.

Naipenda sana BTCPay, lakini inataka mtu asiyechoka kusasisha seva na kuhifadhi nakala. Kama huna muda huo, anza na pochi ya simu kama Phoenix, ambayo funguo unabaki nazo mwenyewe. Yale maneno 12 ya siri yanayorudisha pochi yako simu ikipotea yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha.