Hifadhi ya ardhi oevu: ndege tele, ila kibanda kinatazama jua

Niliingia geti likifunguliwa tu, lenzi ya milimita 400 begani na betri mbili mfukoni. Ndege wapo, tena karibu. Tatizo ni kibanda.

Kibanda cha kujifichia chenyewe ni kizuri: madirisha membamba, benchi, na ndani giza la kutosha ndege wasishtuke. Lakini madirisha yote yanatazama mashariki. Asubuhi jua linakupiga usoni na kila ndege anatoka kivuli cheusi. Nilipiga picha kama mia mbili za namna hiyo kabla sijakubali yaishe. Kama unafuata picha, kibandani ingia alasiri. Asubuhi kaa kwenye njia ya mbao ng'ambo ya bwawa, jua likiwa mgongoni.

Njia hiyo nayo ina vituko vyake. Mtu akipita hatua kumi nyuma yako, mbao zinacheza na stendi ya kamera inacheza nazo. Niliikunja, nikaketi, lenzi nikaiegemeza gotini.

Hapo ndipo nilipompata yangeyange mdogo. Alisimama kwenye maji ya kina cha kiganja, akatanguliza mguu mmoja na kuutetemesha topeni. Vidole vya njano vinaonekana, vinazama, vinaonekana tena. Kisamaki kikachomoka, shingo ikafyatuka. Picha za mwanzo ziliharibika: ndege mweupe, maji meusi, kamera ikadhani kuna giza, na manyoya yote yakawa karatasi tupu. Niliposhusha mwanga kwa stopu moja, yaani nusu yake, michirizi ya manyoya ikarudi.

Mdiria ndiye aliyenitoa jasho. Yule mweusi kwa mweupe hupiga mabawa palepale hewani kabla ya kujitupa majini, kwa hiyo unapata nafasi ndogo ya kumlenga. Kwa kasi ya kamera ya 1/1000 ya sekunde mabawa yalikuwa ukungu mtupu. Kwa 1/3200 yakatulia. Akiwa anazama sikumpata hata mara moja.

Kuna jamaa mmoja alikuwa akipiga makofi ili mnandi apanue mabawa. Ndege akaruka, akaenda zake, tukamkosa sote. Angevuta subira kidogo tu: mnandi akitoka majini huyaanika mabawa mwenyewe, maana manyoya yake hulowa. Mhudumu alikuwa hatua chache kutoka pale, hakusema neno.

Hifadhi naipa nyota nne. Safari ijayo naingia saa tisa alasiri.