Tiba ya usemi kwa shangazi yangu mashoto aliyepigwa na kiharusi

Nawaandikia walio na mgonjwa aliyepoteza maneno baada ya kiharusi, hasa akiwa mashoto. Kliniki tuliyompeleka shangazi iko Mombasa, chumba kimoja ghorofani, mtaalamu mmoja wa tiba ya usemi. Naipa nyota nne kati ya tano.

Shangazi ni fundi cherehani. Mkasi, sindano, kalamu, vyote kwa kushoto. Kula tu ndiko kulikokuwa kwa kulia, maana marehemu bibi hakukubali vinginevyo. Kiharusi kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndio huongoza upande wa kulia wa mwili; mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakaondoka. Hospitalini tuliambiwa kwamba kwa kuwa ni mashoto, lugha yake iko upande wa kulia wa ubongo, ambao haukuguswa, basi atasema mwenyewe karibuni. Tukangoja, kimya.

Mtaalamu huyu hakubahatisha. Aliuliza anatumia mkono gani kwa kila kazi, kisha akampima: ataje picha, arudie sentensi, afuate maagizo, aandike jina lake. Hata kuandika, kwa mkono ule ule mzima wa kushoto, herufi zilitoka shaghalabaghala. Ndipo tukajua kasoro si ya ulimi, ni afasia, yaani ubongo uliojeruhiwa kushindwa kutumia lugha. Alitueleza kwamba Paul Broca, daktari wa Ufaransa, ndiye aliyeandika mwaka 1865 kuwa tunasema kwa upande wa kushoto wa ubongo, na baadaye watu wakadhani kwa mashoto mambo hugeuka tu. Sivyo. Katika watu 100 wanaotumia kulia, takriban 95 hutegemea upande wa kushoto kwa lugha. Katika mashoto 100, takriban 70 nao ni vivyo hivyo. Waliobaki hutumia upande wa kulia, au pande zote mbili. Shangazi yumo katika wale 70.

Kilichonigusa zaidi ni mazoezi yenyewe. Shangazi hakuweza kuomba maji, lakini Fatiha aliisoma yote na kaswida aliziimba. Mtaalamu akaanzia hapo hapo: "nataka maji" kwa mahadhi, huku shangazi akigonga meza kwa mkono wa kushoto, silabi kwa silabi, kisha mahadhi yakapunguzwa kidogo kidogo. Picha za theluji aliziweka kando, akaleta za uzi, kanga, mbaazi na mahamri. Sisi jamaa alitukanya: msimmalizie maneno, mngojeeni. Hilo peke yake lilibadilisha nyumba yetu.

Leo shangazi anaomba maji, anawaita wajukuu kwa majina, na hunigombeza nikimkatiza. Sentensi ndefu bado zinamshinda.

Nyota niliyoiondoa ni ya ngazi. Lifti hakuna, na wagonjwa wengi wa pale mguu mmoja hauna nguvu; sisi tulimbeba. Kila kipindi ni shilingi 2,500, na bima yetu haikulipa.

Mkienda, chukueni picha za vitu vya nyumbani kwa mgonjwa, na aende naye mtu atakayekaa naye jioni, kwa sababu sehemu kubwa ya mazoezi hufanywa nyumbani.