Mazda CX-5 ya dizeli au ya petroli kwa mtu wa Mwanza?

Ubishi huu hauishi vijiweni. Kwa ulaji wa mafuta, dizeli inashinda, na mlima inaupanda kwa nguvu zaidi.

Shida ni DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi. Masizi huchomwa kwa joto la takribani nyuzi 600, na joto hilo hulipati kwenye foleni ya Kirumba hadi Buhongwa. Gari huongeza dizeli ili kuyachoma. Ukizima gari katikati ya uchomaji huo, sehemu ya dizeli hiyo hushukia kwenye oili. Vuta stiki: oili imepanda badala ya kupungua, tena inanuka dizeli. Imwage, usingoje kilomita zitimie. Na injini hii ya dizeli inataka oili inayoacha majivu kidogo ikiungua, siyo yoyote ya dumu. Kung'oa chujio? Moshi huo watauvuta wanao.

Petroli inakula zaidi, ila matunzo ni mepesi: plagi, oili kwa wakati, basi.

Wa kupeleka watoto shule Nyegezi na kurudi, achukue petroli. Wa Geita na Shinyanga kila wiki, dizeli itamlipa, mradi taa ya DPF ikiwaka asizime gari, anyooshe kwanza mpaka Usagara.