Uzoefu wangu na Hi-Point C9: bastola haina shida, shida ni yule mzee wa dukani

Naanza na nyota kabisa tusizungushane. Bastola nyota 5. Duka sifuri, na kama kungekuwa na namba chini ya sifuri ningeshuka nayo mpaka chini kabisa.

Mi naishi Columbus, Ohio, miaka kadhaa sasa, napiga shifti ya usiku kwenye ghala la mizigo. Bastola sikuinunua kwa ushamba wa kutaka kupiga nayo picha. Jamaa yangu Mkongo tunaefanya nae kazi walimvamia pale tunapopaki magari, saa tisa usiku, wakabeba simu, wakabeba viatu, wakabeba mpaka kontena la chakula, yaani ugali wa watu nao wakaondoka nao. Toka siku hiyo mama Salma akawa halali mpaka asikie mlango wa gereji unafunguka asubuhi. Ndio nikaanza kutafuta kitu cha kukaa nyumbani, ila kwa hela yangu, sio kwa hela ya mtu mwingine.

Kama hujawahi kuiona Hi-Point ntakwambia ukweli, ni mbaya. Sura yake kama tofali lililotobolewa tundu. Watu wanaicheka miaka yote na mi mwenyewe nilicheka, ila nikagundua kitu kimoja, kila anaeicheka mwishoni anasema lakini inapiga. Na ule ubaya una sababu yake. Bastola nyingi za 9mm mtutu na slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukipiga, vinafungana kwanza ndio risasi inatoka, hii haina habari hizo, mtutu umekaa pale pale haujongei, kinachozuia kishindo ni uzito wa slaidi na springi basi. Sasa slaidi ikiwa nyembamba itakurukia usoni, kwa hiyo wakaimwaga donge zima la aloi ya zinki. Hapo ndipo bei inapopungua na hapo hapo ndipo sura inapoharibika. Inatengenezwa Mansfield, hapa hapa Ohio, mwendo wa kama saa moja na dakika kadhaa toka kwangu. Na wenyewe hawana makuu, mwaka 2019 waliomba watu wawapendekezee jina la bastola yao mpya, watu wa mtandaoni wakaleta utani wakapigia kura jina la Yeet Cannon, yaani kama mzinga wa kurusha, kampuni mwanzo ikaliacha nje, watu wakapiga kelele, ikaona isiwe tabu, ikalichukua. Mtu anaejicheka mwenyewe mi namwamini.

Niliilipia chini ya dola 200. Kijana aliyeniuzia siku hiyo alikuwa mstaarabu, sina neno nae. Akanipa ile fomu ya 4473, fomu ya serikali ya kununulia silaha, nikajaza jina, nimezaliwa wapi, raia wa wapi, namba yangu ya grini kadi, akapeleka FBI kuulizia kama naruhusiwa kuuziwa. Majibu yanakuja ya aina tatu, endelea, subiri, au hapana. Mi nikapewa subiri. Wala sikushangaa, majina yangu wanayo watu wengi kuanzia Tanga mpaka Jakarta. Nikasubiri siku zangu za kazi tatu nikarudi nikachukua boksi langu. Kule kwetu ungeanzia serikali ya mtaa, upande wilayani, upande mkoani, hapa nimemaliza kabla mshahara wa wiki haujaingia. Sijui kama hilo ni jema, mama Salma anasema sio jema hata kidogo, ila hiyo mada nyingine.

Kijana akaniuliza unataka magazini ya ziada, kile kibebeo cha risasi? Inakuja na moja, na moja kweli ni kidogo. Akasema za kiwandani zimeisha, ipo hii ya kampuni nyingine, inaingia bila tatizo. Nikachukua. Hapo ndipo mzizi wa fitina, kumbukeni hii magazini.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, baridi bado kali. Duka lile lina ukumbi wa kulenga shabaha kwa nyuma, unalipia leni unapiga zako. Nikaingia na vifunika masikio vyangu, miwani, boksi moja la risasi 50. Nikaanza na magazini ya kiwandani. Nane, nikajaza, nane, nikajaza, hakuna kukwama hata mara moja. Karatasi iko yadi 7 na matundu yamejikusanya kama ugonjwa wa mpapai. Nikasema moyoni, huyu ndio mnaemcheka? Mkono haurukiruki kwa sababu ya lile dude zito hapo juu, kwa mtu mgeni wa silaha kama mimi uzito ni rafiki. Nilifurahi nikajikuta nacheka peke yangu humo ndani kama mwehu.

Nikaweka ile magazini ya pili. Moja, mbili, ya tatu, kak. Slaidi imebaki nusu, risasi imesimama, pua inatazama juu kama kifaranga anasubiri kulishwa. Nikafanya kama nilivofundishwa, kidole nje ya triga, mdomo wa bastola kule kwenye shabaha, nikachomoa magazini, nikaitoa ile risasi, nikarudia. Mbili zikaenda, kak tena. Mara ya tatu ikakwama mpaka slaidi ikagoma kurudi kabisa, nikailaza mezani inatazama mbele, nikanyoosha mkono kuita msaada. Hivo ndivo ukutani walivoandika ufanye. Sikuishika, sikuigeuza, sikufanya ujinga wowote.

Akaja mzee mmoja, ndevu za kahawia kwa moshi wa sigara, suruali ina kanda za mabegani. Hajanisalimia. Akaitazama pale mezani halafu akacheka, sio kicheko cha utani, kile cha puani. Akaifungua, kwa haki yake aliifungua kwa sekunde mbili, mikono yake inajua kazi. Halafu badala ya kunirudishia akaihakikisha tupu, akaibeba, akatoka nayo mpaka kaunta kule dukani kuna watu kama sita wanachagua vitu vyao, akainyanyua juu kama mnada wa samaki. Akasema hii ndio bastola ya watu wasiokuwa na hela ya bastola. Watu wakacheka. Akaniuliza mbele yao umenunua wapi hii takataka. Nikamwambia hapa hapa, kwako.

Kidogo akanyamaza. Basi angeishia hapo tungemaliza. Lakini akaniangalia akasikia na lafudhi yangu, akasema, nyie si huko kwenu mmezoea bunduki za AK, hii midogo itawasumbua.

Ndugu zangu. Mi nimezaliwa Muheza. Kitu ninachokijua toka utoto ni machungwa. SMG, ndio hizo hizo AK, nimeziona kwa polisi wanaolinda benki, na nikiziona nilikuwa napita upande wa pili wa barabara. Nilitaka kumjibu, Kiingereza kikaniganda mdomoni, ukiwa na hasira lugha ya watu inakukimbia, ile ya kwako ndio inakuja yote kwa mpigo, nilimtukana kwa Kiswahili tusi moja la kistaarabu tu la Kitanga ambalo silirudii hapa, akasema pardon, nikachukua bastola yangu nikaondoka. Risasi kama ishirini zimebaki kwenye boksi, leni nilishailipia saa nzima.

Njiani kwenye gari hasira yote nikaihamishia kwa bastola. Nikasema kweli takataka, nimejitia aibu kwa ubahili, naiuza wiki hii hii hata kwa dola 50. Kwa hiyo wale mnaotaka kujua kama niliwahi kuichukia, ndio, kama dakika 40 hivi.

Usiku nikakaa mezani jikoni, watoto wamelala, bastola imefungiwa kwenye sanduku lake la chuma, mezani nina magazini mbili tupu tu. Nikachukua maka peni nikaandika 1 na 2. Nikaziweka sambamba chini ya taa. Ile namba 1 ya kiwandani midomo yake ya juu, pale risasi inapobanwa isiruke, imekaa sawa kulia na kushoto. Namba 2 mdomo mmoja umeingia ndani kuliko mwenzake, unaona kwa macho, huhitaji kipimo. Ndio maana risasi ilikuwa inatoka imepinda inapiga kichwa juu badala ya kuteleza kwenda chemba. Yaani kilichokwama sio tofali langu, kilichokwama ni kile kipande cha bati walichoniuzia wao wenyewe, halafu wao wenyewe wakanicheka nacho!

Nikarudi, sikumbuki kama ni wiki ile au iliyofuata. Kwa bahati mbaya kijana hayupo, yupo mzee. Nikamwonyesha magazini. Hakuiangalia hata. Akanyoosha kidole kwenye kibao, magazini ikishafunguliwa hairudishwi. Nikamwambia hii ni mbovu toka mlivyoniuzia. Akasema mbovu ni mkono wako, unashika bastola kama umeshika kikombe cha chai, bastola za hivi ukilegeza kiwiko slaidi hairudi vizuri. Dola ishirini na kitu zangu zikaishia hapo.

Sasa sikieni linaloniuma zaidi ya yote, na nilitaka nisiliandike. Nilienda ukumbi mwingine kabisa, mbali, yule Mkongo akaja na mimi. Kuna mama mmoja mwalimu pale, mpole, akanitazama napiga akaniambia kaka, kaza kiganja, kaza na mkono mzima, usiiache ikusukume. Nikakaza. Namba 1 kama kawaida, haijawahi kukwama mpaka leo. Nikaweka namba 2 nimekaza, nikaijaza mara tatu, ikakwama mara moja tu. Mara moja! Kwa hiyo yule mzee nusu alikuwa sahihi. Magazini ni mbovu, hilo sibadilishi, lakini na mkono wangu nao ulikuwa wa chai. Angeniambia vile vile kama yule mama, dakika moja, pale pale kwenye leni, ningemshukuru na ningekuwa mteja wake mpaka leo na hela yangu ya kila mwezi ingekuwa yake.

Mkongo nae alipoishika mara ya kwanza akaipimapima akaniuliza, ndugu, iyi ni bunduki ao ni nyundo? Nikamwambia zote mbili. Akapiga magazini nzima akarudisha akasema iko muzito lakini iko muzuri. Anataka ya kwake sasa.

Na kweli nyundo inahusika. Hii kitu ndio inayoipunguzia nyota, acha niwe mkweli, tuseme nyota 4. Kuifungua kusafisha sio kama zile nyingine unavuta kitu kidogo inaachia. Unafungia slaidi nyuma, unachukua panchi, kile kichuma cha kusukumia pini, na nyundo unagonga pini itoke, ndio slaidi inatoka. Bastola unaisafisha kama fundi baiskeli. Mara ya kwanza nimegonga pini ikaruka ikaingia chini ya jiko la gesi na haijaonekana mpaka kesho. Nimesogeza jiko, nimepiga tochi, nimetoa njegere za mwaka juzi na kijiko kilichopotea, pini hakuna. Nikawa na bastola vipande vipande usiku na nyota zikashuka mpaka 2, nilikuwa tayari kuandika review nyingine kabisa siku hiyo.

Asubuhi nikapiga simu Mansfield kiwandani. Hizi zina waranti ya maisha, hata ukiinunua mtumba kwa mtu waranti inakuja nayo, hawaulizi wewe ni mnunuzi wa kwanza au wa kumi. Akapokea mama mmoja, nikamweleza kwa aibu kwamba pini imeingia chini ya jiko. Akacheka, lakini cheko lake sio la puani. Akasema honey hauko peke yako, akachukua anwani. Hajaniuliza natoka wapi, hajaniambia kitu cha AK. Bahasha ikaja ina pini mbili, sijalipa hata senti. Mbili! Maana wanajua jiko lipo pale pale.

Kwa hiyo rudisheni 5. Au 4 na nusu, kuna sefti yake, kile kitufe cha kuzuia isipige, ngumu kidogo kwa kidole gumba mpaka uizoee, na kubeba kiunoni sahau, suruali itashuka, hii ni ya kukaa nyumbani kwenye sanduku. Mama Salma funguo ya sanduku anayo yeye, nikitaka naomba. Ukitaka kununua nunua, ila magazini subiri za kiwandani hata kama zimeisha, subiri mwezi, usikubali kile cha inaingia bila tatizo. Na kabla hujalaumu chochote kaza mkono.

Duka nimelifikiria tena nikasema labda niwape nyota 1 kwa ajili ya yule kijana. Nimeandika 1, nimekumbuka bastola yangu inavyonyanyuliwa juu pale kaunta na watu wanacheka, nimefuta. Sifuri ibaki. Na wewe mzee, najua Kiswahili husomi, lakini magazini namba 2 ninayo, haijatupwa, iko kwenye droo ya vijiko, na siku nikipita tena huko nakuja kukuwekea hapo hapo kwenye kaunta yako chini ya kile kibao chako.