Duka la vitu vya ibada Mbeya mjini: rozari, mishumaa, ubani, na karatasi moja inayopaswa kuondolewa

Ni chumba kimoja tu, kando ya uwanja wa kanisa, na hakina bango la maana. Dominika mlango unafunguliwa Misa ya kwanza ikiisha, unafungwa kengele ya Misa ya pili ikilia, kisha unafunguliwa tena. Hakuna kuuziana rozari dirishani huku ndani Padre anasoma Injili.

Juu ya kaunta imebandikwa karatasi ya kalamu ya bluu: "Vitu vyote hapa HAVIJABARIKIWA. Ukinunua, mpelekee Padre." Kila mgeni anauliza, na kila mgeni anajibiwa vilevile.

"Tumsifu Yesu Kristo. Mama, hii imeshabarikiwa?"

"Milele amina. Bado, mwanangu. Padre yuko ofisini mpaka saa sita, pita hapo tu."

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kulisifu duka hili. Zama hizi chupa ya mafuta "ya upako" ina bei yake kama soda, na mtu anaona ni kawaida baraka ikija na risiti. Kanisa linafundisha vingine. Kununua au kuuza mambo ya kiroho kuna jina lake, simonia, na Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inalitaja katika namba 2121. Tena rehema (msamaha wa adhabu ya muda kwa dhambi zilizokwisha kusamehewa) iliyoambatanishwa na kifaa kilichobarikiwa hukoma kifaa hicho kikiuzwa. Kwa hiyo anayekutoza zaidi kwa rozari "iliyobarikiwa tayari" anakuuzia hewa, hata kama ana nia njema. Duka linatoza mbao, uzi, nta na kazi ya mikono, basi. Masalia ya watakatifu hayapo kabisa, na hayapaswi kuwepo: sheria ya Kanisa, kanuni ya 1190, inakataza katakata kuyauza.

Tuingie kwenye rafu.

Rozari ndizo nyingi, na ndizo zinazohitaji jicho. Kabla ya kulipa, hesabu. Rozari kamili ina punje 59: 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Kwenye mkia, kuanzia msalabani, ni moja, tatu, moja, ndipo medali ya kiungo. Baada ya hapo makumi matano, na punje moja moja kati yake. Rozari za kiwandani, hasa za plastiki, hukosea: kumi moja lina punje tisa, jingine kumi na moja. Mtu atasali miezi akishangaa kwa nini anamaliza kabla ya jirani yake wa jumuiya. Kwenye boksi la za bei ya chini, usinunue bila kupitisha vidole.

Baada ya hesabu, angalia kinachoshika punje. Za mnyororo zina vipete vidogo vya waya, na kile kisichofungwa sawasawa kinaachia ukivuta kidogo tu. Kiinue kwenye mwanga: ukiona mwanya, weka chini, chukua nyingine. Ikiachia ukiwa nyumbani, chukua plaizi ndogo mbili na uzungushe ncha za waya pembeni, moja kuja kwako na nyingine kwenda mbele, kisha uzirudishe kwa njia hiyohiyo. Ukikivuta kipete kwa kukipanua, duara linaharibika na halifungi tena. Kwa mtu wa Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, waya wa chuma uliopakwa rangi ya fedha utaota kutu na kuacha madoa kwenye nguo. Huyo achukue ya kamba ya nailoni yenye mafundo. Kasoro yake ni moja: ncha zisipochomwa, fundo la mwisho linalegea. Duka linazichoma kwa kiberiti cha gesi palepale mbele yako, bure. Zile za uzi wa pamba ni nzuri mkononi, ila jasho huzila. Zikianza kutoa manyoya karibu na msalaba, badilisha uzi mapema.

Kadi ndogo ya mafumbo, yaani matukio ya Yesu na Maria yanayotafakariwa katika rozari, iangalie pia. Ikiwa ina mafumbo kumi na tano tu, ni chapa ya zamani: Mtakatifu Yohane Paulo II aliongeza Mafumbo ya Mwanga mwaka 2002, nayo husaliwa Alhamisi. Si kosa la imani, ila kwa mtoto wa Komunyo ya kwanza kadi mpya inamwondolea maswali.

Medali ya Mtakatifu Benedikto inanunuliwa sana huku Kusini, na si ajabu, Wabenediktini, watawa wa shirika lenye jina lake, wako Peramiho tangu 1898. Muundo unaoigwa leo ni wa 1880. Upande wa nyuma, juu ya msalaba, lisomeke neno PAX, na pembezoni herufi V R S N S M V, kisha S M Q L I V B. Ni vifupisho vya sala ya Kilatini inayomfukuza Shetani. Kwenye trei ya duka kuna mchanganyiko: nyingine herufi zinasomeka, nyingine ni vidoti vilivyofutika. Bei ni ileile, kwa hiyo chagua. Medali si hirizi, na muuzaji hulisema hilo bila kuulizwa pale mtu anapotaka "ile kali ya kuzuia wachawi". Visakramenti, yaani vitu vilivyobarikiwa kama medali hii, havitoi neema kama zinavyotoa sakramenti. Kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kuipokea. Ukiivaa ukidhani chuma chenyewe kinafanya kazi huku kitubio hukijui, umerudi palepale kwenye hirizi, umebadilisha fundi tu.

Kwenye skapulari ya kahawia duka limeteleza. Nyingi zilizopo ni picha zilizochapwa kwenye nailoni na kufunikwa plastiki. Skapulari ni kipande cha vazi, vitambaa viwili vya sufu vya rangi ya kahawia, kimoja kifuani kimoja mgongoni. Picha si lazima, kamba iwe yoyote. Za sufu zipo, zimefichwa kwenye droo ya chini, uliza. Ya kwanza huvikwa na Padre kwa ibada yake. Ikichakaa, unavaa nyingine bila kuvikwa upya. Anayefanya kazi ya shamba au ya gereji anaweza baadaye kutumia medali badala ya kitambaa, ruhusa iliyotolewa na Papa Pio X mwaka 1910, mradi upande mmoja uwe na Moyo Mtakatifu wa Yesu na mwingine Bikira Maria. Medali nyingine yoyote haishiki nafasi hiyo.

Mishumaa. Kuna ya parafini, myeupe, ya kawaida, na kuna ya nta ya nyuki ambayo muuzaji anasema nta yake inatoka Chunya. Kuipima ni rahisi: kwaruza kwa ukucha, unuse. Nta ya nyuki inanukia asali hata bila kuwashwa, na ikikwaruzwa inajikunja. Parafini inamomonyoka kama chaki. Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikishika, ya nta huota ukungu mweupe juu. Wateja wanairudisha wakidhani imeoza. Haijaoza, ni mafuta ya nta yenyewe yanayopanda juu. Futa kwa kitambaa laini chenye joto, unapotea.

Mshumaa mnene ukiuwasha mara ya kwanza, uache mpaka uso wote uyeyuke hadi ukingoni, kadiri ya saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za upana. Ukiuzima baada ya dakika kumi, utachimba shimo katikati, na kila ukiwashwa utaendelea kuchimba shimo hilohilo mpaka utambi uzame. Kata utambi ubaki nusu sentimita kabla ya kuwasha, la sivyo utatoa moshi na kupaka masizi ukutani. Nta ikidondokea upande mmoja, tatizo si mshumaa, ni upepo wa mlangoni.

Mshumaa wa Pasaka huagizwa, haukai rafuni, na hapo wamefanya vema. Unatakiwa uwe wa nta, mmoja tu kanisani, mpya kila mwaka. Kuna vigango, makanisa madogo ya parokia, vinavyobandika tarakimu za mwaka mpya juu ya mshumaa wa mwaka jana kubana matumizi, na kuna wanaonunua bomba la plastiki lenye mafuta ndani, kwa nje linafanana. Mshumaa unaoimbiwa usiku wa Pasaka unatolewa kama kazi ya nyuki. Ukiwa bomba la plastiki, maneno na kitu havipatani. Kigango kisicho na uwezo kinunue mdogo, wa nta.

Kwa jumuiya ndogo ndogo, mshumaa wa kawaida wa duka la mtaani unatosha. Muuzaji mwenyewe anasema hivyo, jambo ambalo wauzaji wengi hawaliwezi.

Ubani upo wa aina mbili: wa punje na wa unga. Chukua wa punje. Wa unga unachanganywa kirahisi na vumbi la mbao na manukato ya kopo. Jipimie: weka punje moja juu ya kaa. Ubani safi unalainika, unatoa povu dogo na moshi mweupe wenye harufu ya limau kwa mbali. Ukishika moto wa njano na kunuka sukari iliyoungua, umeuziwa takataka. Huu wa hapa umefaulu.

Vidonge vya mkaa ndivyo vinavyowatoa jasho watumikiaji. Vina dawa ya kushika moto haraka, na hunyonya unyevu. Kuanzia Novemba mpaka mvua zikatike, pakiti iliyoachwa wazi sakristia haiwaki, au inapasuka na kurusha cheche kwenye zulia. Nunua pakiti ndogo na uhifadhi kwenye kopo la mfuniko. Weka mchanga mkavu au jivu ndani ya chetezo (chombo cha kufukizia ubani), kina cha vidole viwili. Shika kidonge kwa koleo, washa ukingo mmoja, subiri cheche zitambae hadi upande wa pili, kisha kiache dakika tano mpaka kumi kifunikwe na jivu la kijivu. Hapo ndipo ubani unawekwa, kijiko kimoja kidogo. Moshi mweusi unaowakoholesha wazee wa viti vya mbele hautokani na ubani. Ni kidonge ambacho hakijaiva. Na ukirundika ubani vijiko vitatu, unakizima.

Hosti na divai haviuzwi kwa kila apitaye. Wanataka barua ya paroko. Wengine wanaona ni usumbufu. Lakini kanuni ya 924 iko wazi: mkate wa ngano tupu, uliotengenezwa karibuni, divai ya asili ya zabibu, isiyoharibika. Mchele wa Kyela hata uwe mtamu vipi haufai hapa, wala mvinyo wa nanasi au wa rosela, wala ulanzi wa wenzetu wa Iringa. Ukikosea hapo hujakosea adabu tu, hakuna Ekaristi. Duka linaandika tarehe ya kutengenezwa kwenye kila mfuko wa hosti. Angalia pia kama zinavunjika kwa mlio. Zikijikunja kama karatasi, zimeingia unyevu.

Vitabu vimebanwa kwenye kona yenye ukuta wa unyevu, na kurasa za chini zimeanza kujikunja. Wavihamishe. Kwa Biblia, fungua orodha: ya Kikatoliki ina vitabu 73, vikiwemo Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo. Jalada pekee lisikudanganye, tafsiri ileile huchapwa pia bila hivyo saba. Kitabu cha sala kitafutie ruhusa ya askofu kwenye kurasa za mwanzo, maana kanuni ya 826 inaidai.

Na hapa ndipo penye ile karatasi ya kuondolewa. Karibu na sanduku la sadaka kuna rundo la nakala za fotokopi: sala ya siku 9, ukiisali bila kuruka na kugawa nakala 9, "ombi halikataliwi kamwe". Hakuna ruhusa, hakuna jina la mchapaji. Novena ni jambo jema na la kale, mitume walidumu katika sala toka Kupaa kwa Bwana hadi Pentekoste. Ila sala inayofanya kazi kwa hesabu ya fotokopi ni ushirikina uliovaa rozari, na Katekisimu namba 2111 inausema kwa maneno mengine. Mama wa kaunta alipoulizwa alijibu kwamba kuna mtu huziacha tu pale. Basi zitolewe leo, maana mteja haoni nani ameziacha, anaona zimelala ndani ya duka la kanisa.

Sanamu za plasta ni nzuri, nzito, na hazipendi bodaboda. Anayezipeleka Makete azifungie blanketi, akizilaza, kichwa kikiwa kimeegemezwa pande zote. Shingo ndiyo huvunjika kwanza.

Chini ya kaunta kuna ndoo yenye mfuniko kwa vitu vilivyovunjika: rozari zilizokatika, picha zilizofifia, matawi ya Dominika ya Matawi ya mwaka jana. Vilivyobarikiwa havitupwi jalalani, huchomwa au kuzikwa, na matawi hutoa majivu ya Jumatano ya Majivu. Ni huduma ya bure.

Malipo ni taslimu au kwa simu, ingawa mtandao ukikatika hawana njia nyingine. Vidonge vya mkaa huisha wiki ya pili ya Majilio. Kigango kinachotaka vya Noeli kiagize kabla ya Novemba kuisha, na kije na kopo lake.